Mbio Zahamishwa, Shida Yabaki Pale Pale

Mtu wa Mashewa, wilayani Korogwe, akiitazama baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani haoni chombo cha mchezo. Aona chombo cha kazi. Ndiyo ipelekayo gunia la mahindi mashineni, ndiyo ibebayo madumu ya maji, ndiyo impelekayo kibarua kwenye shamba la mkonge alfajiri na kumrudisha nyumbani jua likizama. Basi akisikia kwamba huko Afrika ya Kusini mbio za baiskeli za milimani ziliondolewa mahali pake kwa sababu ya migomo ya wanafunzi, yampasa kuuliza: jambo hilo lanihusu nini mimi?

Swali hilo ni la haki, na makala hii yakusudia kulijibu. Jambo lenyewe si la baiskeli peke yake. Ni jambo la watu wawili waliokutana mahali pamoja, mmoja ana shughuli yake na mwingine ana dai lake, na yule mwenye uwezo wa kuondoka akaondoka. Mambo ya namna hiyo hutokea kila mahali penye shule, penye kiwanda na penye uwanja. Leo yametokea Cape Town, kesho yaweza kutokea Korogwe. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, bila ya kushabikia upande wowote kabla ya kuujua.

Kwanza tueleze habari yenyewe. Mbio za Cape Epic zilianza mwaka wa 2004. Hukimbiwa kila mwaka mwezi wa Machi, katika jimbo la Western Cape, na waendeshaji huenda wawili wawili, kila timu watu wake wawili wakitakiwa wasiachane njiani. Mbio huchukua siku nane: siku ya kwanza ni hatua fupi ya utangulizi, na siku saba zinazofuata ni za masafa marefu, jumla yake zaidi ya kilomita 600 za milima, mchanga, mawe na mashamba. Hatua ya utangulizi ndiyo inayokusanya watazamaji wengi wa mjini, maana timu huondoka moja baada ya nyingine kwa kupishana muda mfupi, tangu asubuhi mpaka alasiri.

Mwezi wa Machi 2015 hatua hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya mlima unaojulikana duniani kote. Kwa mbio za mwaka wa 2017 vile vile chuo hicho kilikuwa kimekusudiwa kuwa mahali pa kuanzia. Lakini miezi ya mwisho ya mwaka wa 2016 ilikuwa ni miezi ya migomo katika vyuo vikuu vya nchi ile. Waandaaji wakaona hawawezi kuahidi usalama wala utaratibu, wakaihamisha hatua ya utangulizi, wakaipeleka Meerendal, shamba la mizabibu lililoko Durbanville, upande wa kaskazini wa mji. Tarehe 19 Machi 2017 baiskeli zikaondoka huko. Mbio zikaenda salama, washindi wakapatikana, watazamaji wakapiga makofi.

Je, waandaaji walikosea? Sisi hatuoni hivyo. Aliyewahi kuandaa hata mchezo mdogo wa kata ajua kwamba mbio za baiskeli hazifanani na mpira. Uwanja wa mpira una ukuta na mlango; polisi wachache waweza kuulinda. Njia ya baiskeli za milimani haina ukuta. Hupita msituni, hukata barabara, huteremka kwenye vijia ambako gogo moja likiwekwa njiani laweza kumvunja mtu shingo. Tena katika hatua ya utangulizi mamia ya timu hupita mlango mmoja wa kuondokea, na mlango huo ukifungwa kwa nusu saa hesabu yote ya siku yaharibika. Mwenye dhamana ya roho za watu hana budi kuchukua tahadhari, na tahadhari si kosa.

Kosa li mahali pengine. Kosa ni kufikiri kwamba baada ya kuhamisha mbio, neno limekwisha. Ndiyo maana yafaa tuulize: wale wanafunzi walikuwa wanataka nini?

Tarehe 9 Machi 2015, siku sita tu kabla ya baiskeli kuondoka chuoni hapo, mwanafunzi mmoja alilimwagia kinyesi sanamu la Cecil Rhodes lililosimamishwa katika chuo hicho. Rhodes ndiye aliyekuwa kinara wa ubeberu wa Waingereza katika sehemu za kusini za Afrika, na ardhi ambayo chuo kimejengwa juu yake ilitoka katika milki aliyoiacha. Wanafunzi Waafrika walisema kwamba wamechoka kupita kila siku chini ya macho ya mtu aliyewadhulumu babu zao. Tarehe 9 Aprili 2015 sanamu hilo likang'olewa.

Lakini sanamu lilikuwa mlango tu wa nyumba. Ndani ya nyumba mlikuwa na suala la fedha. Mwezi wa Oktoba 2015 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg, kilitangaza kuongeza ada kwa asilimia 10.5. Wanafunzi wakafunga milango ya chuo, na moto wa mgomo ukaenea nchi nzima kwa mwito wa "Ada Lazima Zianguke." Tarehe 21 Oktoba wakafika mpaka Bunge la Cape Town, na siku mbili baadaye wakajaa mbele ya ofisi za Serikali mjini Pretoria. Siku hiyo Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba ada za mwaka wa 2016 hazitaongezwa hata kidogo.

Tangazo hilo lilinunua mwaka mmoja wa utulivu, na hata huo haukutimia. Tarehe 19 Septemba 2016 Waziri wa Elimu ya Juu, Blade Nzimande, alisema kwamba kila chuo kitaamua chenyewe kuongeza ada ya mwaka wa 2017, ila nyongeza isizidi asilimia 8, na kwamba Serikali itawalipia nyongeza hiyo wale ambao mapato ya nyumba zao hayazidi Randi 600,000 kwa mwaka. Wanafunzi wengi walijibu kwamba wao hawakuomba kupunguziwa nyongeza. Wameomba elimu bila ya ada. Migomo ikaanza upya, masomo yakasimama, polisi wakaingia vyuoni. Hiyo ndiyo hali iliyowafanya waandaaji wa mbio watafute mahali pengine.

Msomaji mfanyakazi azingatie hapa jambo ambalo magazeti mengi ya ng'ambo hayakulitilia maanani. Wanafunzi wa Cape Town hawakudai ada peke yake. Walidai pia kwamba wafagiaji, wapishi, walinzi, madereva na watunza bustani wa chuo waajiriwe na chuo chenyewe, badala ya kukodishwa kutoka kwa makampuni. Kwa miaka mingi watu hawa walifanya kazi ndani ya chuo, wakavaa sare za makampuni, wakalipwa mishahara midogo, na haki ambazo mfanyakazi wa chuo alizipata wao hawakuzipata. Mwishoni mwa Oktoba 2015 chuo kilikubali, na tangu tarehe 1 Julai 2016 wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaingizwa katika ajira ya chuo. Hilo lilikuwa tunda la vijana na wafanyakazi kusimama pamoja. Mtu asiyejua habari hii atadhani wanafunzi wale walikuwa ni wahuni tu waliowaharibia wenzao mchezo.

Hata hivyo, kusema kweli ni wajibu, na kweli nyingine haiwapendezi wanafunzi. Mwezi wa Februari 2016, baada ya ugomvi juu ya kibanda walichokijenga chuoni kuonyesha uhaba wa malazi, baadhi yao walitoa picha za kuchorwa katika majengo ya chuo wakazichoma moto. Gari likachomwa. Ofisi ya Mkuu wa chuo ikarushiwa chupa ya petroli. Sisi twasema bila ya kificho kwamba haya hayakuwa na maana yoyote. Picha iliyochomwa haikuwa imepandisha ada. Basi lililochomwa ndilo lingempeleka mtoto wa maskini darasani. Dai la haki likishikwa kwa mikono yenye petroli, wenye kulipinga hupata sababu ya kusema juu ya petroli, wasiseme tena juu ya dai. Ndivyo ilivyokuwa. Wengi waliokuwa wakiwaunga mkono mwaka wa 2015 walirudi nyuma mwaka wa 2016.

Sasa tuzipime pande mbili hizi kwenye mizani moja. Ada ya kuingia katika mbio za Cape Epic kwa timu ya watu wawili huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya Randi. Ada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Cape Town nayo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya Randi. Hatusemi kwamba anayelipia mchezo afanya dhambi; fedha yake ni yake. Twasema tu kwamba katika mji mmoja, chini ya mlima mmoja, kiasi ambacho kwa nyumba moja ni matumizi ya mapumziko ya siku nane, kwa nyumba nyingine ndicho kinachoamua kama mtoto atakuwa mganga au atakuwa kibarua. Watu wa nyumba hizi mbili wakikutana penye mlango mmoja, hapana budi pawe na neno kati yao.

Na tazama pale mbio zilipopelekwa. Mashamba ya mizabibu ya Cape yana historia ndefu kuliko chuo. Katika karne ya 17 na ya 18 yalilimwa kwa mikono ya watumwa waliochukuliwa Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya mashariki, mpaka utumwa ulipokomeshwa na watumwa wakaachiliwa kabisa mwaka wa 1838. Baadaye, kwa miaka mingi, palikuwa na desturi ya kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, desturi iliyowaharibu watu wengi. Na si zamani sana, mwaka wa 2012, vibarua wa mashamba ya mizabibu ya De Doorns, katika jimbo hilo hilo, waligoma wakidai Randi 150 kwa siku, maana kima cha chini kilikuwa Randi 69. Mgomo ukaenea katika mashamba mengine ya jimbo, na tangu tarehe 1 Machi 2013 kima hicho kikawa Randi 105. Hatusemi kwamba Meerendal ndiko kulikogomwa. La, hakukuwa huko. Twasema kwamba mwenye kukimbia suala la ada chuoni alikwenda kupiga hema katika nchi yenye suala la ujira mashambani. Katika nchi yenye tofauti kubwa za mali, hapana kiwanja kisicho na suala lake. Tofauti ni kwamba mahali pengine suala limesema kwa sauti, na mahali pengine bado limenyamaza.

Jambo la pili la kuzingatia ni hili: shughuli ikihamishwa, nani hupata hasara? Mwenye shughuli hupata usumbufu, lakini hubaki na shughuli yake. Anayeshindwa kuhama ndiye apataye hasara. Mama aliyetazamia kuuza chakula siku ile hawezi kuhamisha jiko lake mpaka upande wa pili wa mji. Mlinzi wa zamu hawezi kuhama. Mwanafunzi anayesoma na asiyegoma hawezi kuhama. Akiikosa mitihani mwezi wa Novemba, aingoja mpaka Januari, na baba yake alipe chakula cha miezi ya kungoja.

Mfano ulio mkubwa zaidi ulitokea Bangladesh mwaka wa 2024. Mwezi wa Julai wanafunzi wa nchi hiyo waliandamana kupinga mpango uliotenga asilimia 30 ya kazi za Serikali kwa jamaa za waliopigania uhuru wa mwaka wa 1971. Mahakama Kuu ya Rufani ikapunguza sehemu hiyo kuwa asilimia 5, lakini mamia ya watu walikuwa wamekwisha kuuawa, na hasira haikutulia. Tarehe 5 Agosti Waziri Mkuu Sheikh Hasina akakimbia nchi. Sasa, Bangladesh ilikuwa imekabidhiwa mashindano ya dunia ya kriketi ya wanawake ya mwezi wa Oktoba. Tarehe 20 Agosti baraza la kriketi la dunia likaamua kuyahamishia Falme za Kiarabu, Dubai na Sharjah. Kwa jina Bangladesh ilibaki mwenyeji. Kwa vitendo ilikuwa mgeni kama wengine. Wanawake wa Bangladesh walishinda mchezo wao wa kwanza huko Sharjah, mbali na mama zao na dada zao ambao wangejaa uwanjani kuwatazama. Uamuzi wa kuhamisha waweza kutetewa kwa sababu za usalama. Lakini wasichana wale hawakuwa na hatia katika ugomvi wa kazi za Serikali, na wao ndio waliopoteza kitu ambacho pengine hakitarudi katika maisha yao ya mchezo.

Hapa msomaji mwenye umri mkubwa atakumbuka habari nyingine, ambayo nchi yetu ilikuwamo. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu. Polisi wakawapiga risasi. Haukupita mwezi mzima, timu ya raga ya New Zealand ikawa inacheza katika viwanja vya Afrika ya Kusini kama kwamba hapana kilichotokea. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe katika michezo ya Olimpiki ya Montreal. Ombi likakataliwa, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo hazikushiriki michezo ile.

Gharama yake ilikuwa kubwa, nasi twaijua kwa jina. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka wa 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukimbia Montreal. Nishani ya dhahabu ya mbio hizo ilikwenda kwa John Walker wa New Zealand, yule yule aliyekuwa nyuma yake Christchurch. Hapana awezaye kusema kwa yakini nani angeshinda. Lakini kila Mtanzania ajua kilichotolewa.

Basi tofauti ni nini kati ya Montreal na Cape Town, maana pote pawili michezo ilitoka mahali kwa sababu ya wanafunzi? Tofauti ni hii. Mwaka wa 1976 waliokataa kwenda walikataa ili dunia ipate kuwasikia wanafunzi. Walijitoa wenyewe, wakalipa wenyewe. Mwaka wa 2017 mbio ziliondoka ili zipate kuendelea bila ya kuwasikia. Yule wa kwanza alihama kwa ajili ya dai. Huyu wa pili alihama kutoka kwenye dai. Hatumlaumu mwandaaji wa mbio kwa kutokuwa Serikali, lakini twamwambia kila mwenye madaraka kwamba kuhama kwa namna hii ya pili si jibu.

Na Tanzania haikuishia kwenye kukataa. Vijana waliokimbia risasi baada ya Soweto walihitaji mahali pa kusoma. Chama cha ANC kikapewa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na hapo kikajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wasomaji wetu wa Korogwe, ambao wanalijua shamba la mkonge na jasho lake, hawatashindwa kuona maana ya jambo hilo: shamba lililokuwa la kumtajirisha mkoloni likawa darasa la mtoto aliyefukuzwa kwao. Leo mahali hapo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengine walipohamisha michezo mbali na wanafunzi, hapa wanafunzi walihamishwa wakaletwa penye kalamu na chakula.

Tusije tukajisifu mno, lakini. Sisi pia tumekuwa na siku zetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana, wengine wamevaa majoho yao, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu mia nne warudi makwao. Lakini siku hiyo hiyo hakuishia kwa vijana. Walikuwa wamesema kwamba wakubwa wanalipwa mishahara minono na wao wanaambiwa wajitolee. Akakubali kwamba neno hilo lina ukweli, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa pia. Wengi katika wanafunzi wale walirudishwa masomoni baadaye. Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za viongozi, na tena wengi wakafukuzwa.

Watu wamebishana kwa miaka mingi kama adhabu zile zilikuwa za haki au zilikuwa kali mno. Sisi twaona kwamba kufukuza mamia ya vijana kwa mara moja ni dawa inayoweza kumdhuru mgonjwa. Lakini katika mwaka wa 1966 limo funzo moja ambalo halipaswi kusahauliwa. Aliyekuwa na madaraka hakuhamisha mkutano. Alikaa nao, akalisikia dai, akaitenga sehemu isiyo ya haki na sehemu iliyo ya haki, na ile ya haki akaitekeleza kwanza katika mfuko wake mwenyewe.

Suala la ada na mikopo si geni kwa wafanyakazi wa nchi hii. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka wa 2005, na tangu hapo mara kadhaa wanafunzi wamegoma kwa sababu fedha zimechelewa au wengine wamekosa. Mwaka wa 2016 sheria ilibadilishwa, makato ya kurudisha mkopo yakapanda kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara wa mwezi. Siku ya Wafanyakazi ya mwaka wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni kila mwaka. Tozo ile iliondolewa kwa sababu wafanyakazi walilisema jambo hilo tena na tena mpaka likasikika. Mwanafunzi wa leo ndiye mfanyakazi wa kesho, na deni la mmoja ndilo makato ya mwingine.

Turudi sasa Mashewa, tumalizie. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kata imeandaa mbio za baiskeli, kutoka bondeni kuelekea vilima vya Usambara, na kiwanja cha shule ndicho kilichochaguliwa. Wiki moja kabla, wanafunzi wakagoma kwa sababu ya chakula au ya maji. Kiongozi atafanya nini? Njia nyepesi ni kusema, "Pelekeni mbio kijiji cha jirani," na kesho yake kila kitu kitakuwa kimya. Sisi twamshauri ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa amri hiyo. Je, kuna hatari ya kweli kwa mwili wa mtu, au kuna aibu tu kwa wageni wetu? Je, nimekwenda mwenyewe kuwasikiliza, au nimeletewa habari na mtu anayenipendeza? Na je, mbio zikiisha kukimbiwa huko kwingine, nitarudi hapa kulimaliza neno hili, au nitalisahau mpaka lilipuke tena?

Akiona hatari ni ya kweli, ahamishe, na hapana atakayemlaumu. Lakini arudi. Nao vijana wajue kwamba wakivunja dirisha la darasa lao wenyewe watakuwa wamempa kiongozi mvivu udhuru aliokuwa akiutafuta.

Mbio za Cape Epic zilirudi Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Machi 2018 timu ziliondoka tena chini ya mlima ule. Miezi mitatu nyuma, tarehe 16 Desemba 2017, Rais Zuma alikuwa ametangaza elimu ya juu bila ya ada kwa watoto wa nyumba ambazo mapato yake hayazidi Randi 350,000 kwa mwaka. Hatusemi kwamba tangazo hilo ndilo lililozirudisha baiskeli, wala kwamba limemaliza kila shida. Fedha za kulitekeleza zimeendelea kuwa ugomvi mpaka leo. Lakini mwenye kuhesabu na ahesabu. Kuhamisha mbio kulichukua miezi michache na hakukumpunguzia mwanafunzi hata senti moja. Kulisikiliza dai kulichukua zaidi ya miaka miwili, na watoto wa maskini wakapata nafasi.

Baiskeli ina magurudumu. Yaweza kwenda popote. Shule haina magurudumu, na shida ya mwanafunzi haina. Aliyepewa madaraka amepewa kwa ajili ya vile visivyoweza kuhama.